Mkono Chini ya Shali

Sehemu ya Kumi na Moja

Komeo lililia mara moja, na Zena akabaki peke yake kati ya marobota ya vitenge.

Ndipo tulipomwacha Jumamosi iliyopita, na najua mlivyonuna. Msomaji mmoja ameniandikia kwamba nikimfungia binti wa watu stoo wiki nyingine, ataacha kununua gazeti. Bwana, tulia. Hata mimi sipendi kumwona humo, lakini funguo anazo Rajabali Kanji, sina mimi.

Na wewe unayeingia leo kwa sababu ukurasa wa wiki jana ulifungiwa maandazi, sikia kwa ufupi. Zena Amissi ni binti wa miaka ishirini na miwili, mtu wa Kindu. Vita vya Oktoba hii ya tisini na sita vilimkuta Uvira akiuza chumvi na baba yake, wakakimbia ziwa, wakapita Tanzania, wakaangukia kambi ya Dzaleka, Malawi. Wiki ya kwanza tu kambini, Mzee Amissi akapooza upande wa kulia na sauti ikamtoka. Tangu hapo hali chakula ila kwa mkono wa Zena. Mwingine akimpelekea kijiko, anafunga meno.

Ili apate cha kutia kwenye kijiko hicho, Zena hutoroka kambini bila kibali, huja kukata vitambaa dukani kwa Rajabali, Lilongwe mjini. Asubuhi ya leo Shirinbai, dada wa tajiri, akamwita kwa utani. Akatandaza shali yake, akaingiza mkono chini, akamwambia Zena aingize wake, wapatane bei ya kipande cha kitenge kwa vidole. Hiyo ni desturi ya wafanyabiashara wa Kihindi wa zamani: bei inasemwa kwa vidole chini ya nguo ili jirani asiione. Shirinbai alitegemea kucheka.

Vidole vya Zena vikamjibu, tena bila kukosea hata kimoja. Shirinbai akaropoka kwa kelele, "Kidole ya tatu!", Rajabali akaja mbio, na komeo likalia.

Sasa tuendelee.

Zena aliusukuma mlango. Haukutikisika. Stoo ilikuwa na kidirisha kimoja tu juu ya marobota, chenye nondo nne, na hewa ilinuka dawa ya wadudu na nguo mpya. Alikuwa ameahidi kurudi kambini kabla ya saa tisa. Jirani angemgeuza baba yake ubavu, lakini kumlisha hawezi.

"Zena!" Sauti ilitoka kidirishani. Ilikuwa ya Shirinbai, amepanda juu ya kitu huko uani, anahema. "Sikia haraka. Atakuja kukuuliza baba yako. Sema alikufa."

"Juu ya nini, Mama Shirin?"

"Usiulize! Sema alikufa zamani, hukumujua. Mutoto, nakuomba."

Zena hakupata kuuliza tena. Komeo lililia, sauti ya kidirishani ikapotea, na Rajabali Kanji akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa mzee mwembamba wa miaka sabini, ndevu nyeupe zimechongwa vizuri, na miwani imepanda kipajini. Siku zote alisema taratibu. Leo alisema taratibu zaidi, na hilo ndilo lililomtia Zena baridi.

"Nani alikufundisha ule mukono?"

"Mukono gani, Patroni?"

"Usinicheze. Kushika kidole ya tatu na kuigeuza. Hiyo haiko mukono ya Bahindi bote, iko ya nyumba yetu. Ya nyumba ya Kanji, Kindu. Dunia muzima, batu batano tu njo balijuaka ile. Baba yangu, mi, dada yangu, ndugu yangu Hassanali, na karani yetu." Akaishusha miwani machoni. "Karani iliitwa Amissi."

Zena alikumbuka sauti ya kidirishani. Hakujua Shirinbai ana nini, lakini alijua kamba ikitupwa kwa anayezama haichaguliwi rangi.

"Baba yangu alikufa," alisema. "Zamani. Sikumujua."

"Alikufa?"

"Ndiyo, Patroni. Mungu amurehemu."

Rajabali alitikisa kichwa kama mtu anayepokea tanzia. Kisha akainama, akachukua kikapu cha Zena kilichokuwa mlangoni, akatoa vitu kimoja kimoja. Ndizi mbili. Kifuko cha unga wa uji. Na kikombe cha plastiki chenye mdomo, vile wanavyonyweshewa watoto, ambacho Zena alikinunua asubuhi hiyohiyo.

"Uko na mutoto?"

"Hapana."

"Basi hii kikombe iko ya nani?"

Uongo ni njia ya panya, na Zena alikuwa ameingia na mkia umebaki nje.

"Iko muzima!" Rajabali alikipiga kikombe juu ya robota. "Amissi iko muzima, na iko Dzaleka, na mi naishi hapa Lilongwe nakunywa chai! Unajua baba yako alitufanya nini?"

"Sijui, Patroni. Hakunielezaka. Nikimuuliza juu ya duka ya Bahindi, anatoka nje."

"Anatoka nje! Basi kaa, mi nitakueleza."

Akakaa juu ya robota, na maneno yakamtoka kama mtu aliyeyapanga miaka mingi bila kupata wa kumwambia.

"Mwaka ya sabini na mbili, mjomba wangu wa Kampala alipewa siku makumi tisa. Bahindi bote batoke Uganda. Alifika Ulaya na sanduku moja. Sisi Kindu tukasema, ile iko Uganda, huku batu batujua, tumezaliwa huku. Mwaka iliyofuata, tarehe makumi tatu mwezi ya kumi na moja, radio ikasema magazini, maduka yote ya bageni inakuwa ya benye inchi. Yote! Duka, stoo, camion ya mizigo, mpaka kiti ya baba yangu. Na duka yetu ikapewa nani? Karani yetu. Mutu alikula kwetu, alikuwaka anashika funguo. Mi na dada tukapanda ndege. Hassanali akabaki wiki mbili kumupa Amissi makaratasi. Wiki mbili, Zena. Niko namungoja mpaka leo."

"Alienda wapi?"

"Njo nakuuliza weye!" Sasa alipaza sauti. "Tulikuja hapa, nikafungua duka Madisi. Miaka ine tu, bakubwa ba ile wakati bakasema Muhindi asikae vijijini, akae Lilongwe, Blantyre na Zomba. Nikafunga tena. Nimefukuzwa mara mbili na sikulia. Duka ni mbao na bati. Lakini ndugu yangu! Amissi alimumaliza ndugu yangu juu ya duka, na duka yenyewe nasikia ilikufa mwaka ya pili."

Zena alitamani kumwambia kwamba naye anajua kufukuzwa, na kwamba aliiacha Uvira amevaa kiatu kimoja. Lakini mwenye funguo ndiye mwenye maneno. Hofu nyingine pia ilikuwa imemkamata, mbaya kuliko ya stoo. Itakuwaje kama ni kweli? Baba yake aliyemfundisha namba kwa vidole chini ya kitenge, akimfinya kidole akikosea na kucheka, ndiye aliyemmaliza mtu?

"Baba yangu hawezi kuua mutu," alisema.

"Utamwambia polisi. Nimeshabapigia simu. Nimesema kuko mukimbizi, haiko na kibali, ameniibia nguo."

"Sikuiba kitu!"

"Najua."

"Patroni, unajua na ulisema?"

"Ningesema kibali tu, bangekuja kesho. Nikasema mwizi, banakuja leo."

Zena alipiga magoti. Hakuwa binti wa kupiga magoti ovyo, lakini alipiga. "Patroni, nifunge mwezi, nifunge mwaka, lakini si leo. Baba yangu iko mugonjwa, hasemi, hatembei. Hakulake na mukono ya mutu mungine. Wakinifunga, anakufa na njaa. Wallahi anakufa."

Hapo Rajabali akasimama. Zena alidhani amelainika. Kumbe sivyo.

"Anakufa?" alisema. "Bila kuniambia ndugu yangu iko wapi? Hapana. Polisi watatufuata. Simama, tunaenda Dzaleka."

Na sasa Zena, aliyekuwa anaomba arudi kambini, akaanza kuomba asipelekwe. Aliomba polisi waje. Aliomba afungwe hapohapo. Aliyatoa maombi yote mawili kwa pumzi moja, maskini, na yote mawili yakagonga ukuta.

Kwenye pikapu walimbana katikati, kikapu chake mapajani, kikombe kimerudi ndani. Rajabali kwenye usukani, Shirinbai upande wa mlango. Shirinbai hakualikwa, alipanda tu, na kaka yake alipomwambia ashuke alijifanya kiziwi. Uso wake ulikuwa umepauka, na mikono yake ilikuwa inaipindapinda shali.

Mvua ya Desemba ilikuwa inapiga kioo. Mahindi yalikuwa yamefika magotini kila upande. Kwenye kizuizi cha barabarani, nje ya mji, askari mwenye koti la mvua alichungulia ndani, akasalimu kwa Kichewa.

"Muli bwanji, bambo? Na hawa ni nani?"

Zena alimtazama askari usoni. Kelele moja tu ingetosha. Lakini angesema nini? Kwamba ametekwa? Angeulizwa kibali. Kwamba yeye ni wa kambini? Angeulizwa kibali vilevile. Akanyamaza, na Rajabali akajibu, "Watu wa nyumba yangu," na kizuizi kikapanda.

"Mama Shirin," Zena alinong'ona walipoiacha barabara kuu na kushika ya udongo kwenda Dowa. "Juu ya nini uliniambia niseme amekufa?"

Shirinbai aligeuza uso dirishani. Alikuwa analia bila sauti.

Dzaleka, kabla ya kuwa kambi, ilikuwa gereza, na wafungwa wake hawakuwa wezi wa kuku, bali watu wa siasa. Sasa wakimbizi wanaingia na kutoka katika majengo yaleyale, wanaanika nguo kwenye kuta zilezile, na asiye na kibali anabaki ndani vilevile. Pikapu ilipita maghala, ikapita bomba la maji lenye foleni ya ndoo, ikasimama mbele ya kibanda cha matofali mabichi chenye paa la hema.

Annonciata, jirani wa Kinyarwanda, alitoka akipangusa mikono. "Zena, umechelewa! Mzee amekataa uji. Nimemupa maji, anayakataa, ananifinya tena hapa." Akaonyesha katikati ya kiganja chake. "Anafinya, nampa maji, anakataa, anafinya. Nimechoka, sijui ni kiu gani hii."

Zena aliijua kiu hiyo. Tangu baba yake apooze, kila alipompa mkono, mzee alimkandamiza kidole gumba katikati ya kiganja, kwa nguvu, mara tatu, mara nne, huku macho yamemtoka. Vidole vya namba Zena alifundishwa utotoni, lakini gumba halikuwa namba yoyote. Akaamua ni maji. Alimpa maji mpaka yakamwagika kifuani.

Rajabali aliinama akaingia. Zena akaingia nyuma yake, tayari kujitupa katikati, na Shirinbai akafuata.

Mzee Amissi alikuwa amelala kwenye mkeka juu ya magunia. Alikuwa amekwisha, kifua kimebaki mbavu. Alipomwona mtu aliyesimama mlangoni, nusu ya uso wake iliyobaki hai ilifunguka. Chozi likatoka jicho la kushoto, likashuka sikioni.

"Amissi," alisema Rajabali.

Mzee akatoa sauti, si neno.

"Ishirini na tatu, Amissi! Miaka makumi mbili na tatu! Hassanali iko wapi?"

Sauti ileile, bila neno. Rajabali aliinua mkono, na Zena akaudaka. "Nilikwambia hasemi! Unataka nini kwa mutu hasemi? Mupige basi, umalize!"

Mkono wa Rajabali ulibaki hewani. Nao mkono wa kushoto wa Mzee Amissi, ule mzima, ulianza kutambaa kwenye mkeka. Ulilivuta pindo la shali ya Shirinbai aliyekuwa amechuchumaa kando, ukaivuta tena, mpaka ikamfunika kiganja. Kisha ukatulia chini yake, umefunguka, unangoja.

Annonciata naye akaingiza kichwa mlangoni apate kuona.

Rajabali alipiga magoti taratibu. Akaingiza mkono wake chini ya shali. Wazee wale wawili wakatazamana usoni, kama walivyotazamana zamani sokoni Kindu, kila mmoja akijifanya hakuna kinachoendelea. Shali ikatikisika.

"Gumba," alisema Rajabali.

"Anataka maji," alisema Zena.

"Maji gani?" Rajabali hakumtazama. "Hii iko mukono ya nyumba. Baba yangu njo aliitunga. Gumba katikati ya mukono: *weka. Usiuze. Mwenyewe atarudi.* Ilikuwa ya mali ya amana."

Maji yote yale. Wiki nzima, wiki ya pili, baba yake alikuwa anasema naye, anapiga kelele kwa njia pekee iliyobaki, na Zena alikuwa anamjazia kikombe.

"Amana gani, Amissi? Duka ilikufa. Nini unaweka?"

Mkono wa Mzee Amissi ukatoka chini ya shali. Ukamtafuta Zena, ukamshika kifundo cha mkono, ukamvuta. Kisha, kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua bado anazo, akautia mkono wa Zena katika mkono wa Rajabali. Akaukandamiza hapo.

"Sielewi," alisema Zena. Lakini Rajabali alikuwa anamtazama nywele, anamtazama pua, kama anayetafuta sura ya mtu mwingine.

Tangu utotoni, watoto wa Kindu walimtania Zena kwa nywele zake zilizolala. Baba yake alisema ni damu ya Waarabu, maana huko Maniema, mkoa wa Kindu, nusu ya watu wanaisingizia. Naye akaamini, nani hamwamini baba yake?

Shirinbai akaangua kilio. "Bhai, kaka yangu, nisamehe! Mi nilijua. Hassanali alioa kwa siri, musichana wa Kindu, Salima. Alikuwa na mimba ya miezi saba tulipopanda ndege. Alibaki juu yake, si juu ya makaratasi! Aliniapisha nisiseme, niliogopa baba atakufa na haya. Tena nikaogopa weye. Leo asubuhi nilipoona mukono ya huyu mutoto, nikajua."

Salima. Zena alilijua jina hilo. Ni jina aliloliombea dua kila Ijumaa tangu ajue kuomba: mama yake, aliyefariki siku aliyomzaa.

"Na Hassanali?" Rajabali aliuliza kwa sauti ndogo. Akaurudisha mkono chini ya shali.

Mzee Amissi alivikunja vidole vya Rajabali kimoja kimoja, polepole, mpaka vikawa ngumi. Akaishika ngumi ile, hakuiachia.

Hiyo hata Zena aliijua, maana ndivyo baba yake alivyomaliza kila mchezo. *Biashara imefungwa.* Hassanali Kanji hakuwepo tena duniani. Rajabali akaweka kipaji chake juu ya mkono wa karani wake, akalia kama wanavyolia wanawake wa Kindu msibani.

Zena hakulia. Alikuwa anaona uchungu ambao hauna mahali pa kushika. Kwa dakika moja amepewa baba, baba huyo amekufa, na baba aliyekuwa naye amemkabidhi kwa wenyewe.

"Baba," alimwita Mzee Amissi. "Baba, kweli?"

Jicho la kushoto lilimjibu ndiyo.

Ndipo Annonciata akasema kutoka mlangoni: "Polisi."

Land Rover ilikuwa imesimama nyuma ya pikapu, na watu wa kambi walikuwa wameanza kuizunguka. Sajenti mnene, mwenye adabu, aliinama akaingia, akavua kofia alipoona mgonjwa. Alisema Kichewa, nami nawatafsiria.

"Poleni. Bambo Kanji, dukani kwako wameniambia mko huku. Natafuta Zena Amissi, mkimbizi. Wizi wa nguo, na kutoka kambini bila kibali."

Rajabali aliinuka ameshika ukuta. "Sajenti, nilikosea. Hakuna wizi. Nilisema uongo."

"Uongo?" Sajenti alikunja uso. "Mzee, nimetoka mjini kwa mafuta ya serikali. Haya, wizi nimefuta. Na kibali?"

Rajabali akasogea karibu na Zena.

"Huyu ni mtoto wa ndugu yangu," alisema Rajabali. "Ni wa nyumba yangu. Jina lake Kanji."

Sajenti alimtazama Zena, akamtazama Rajabali, akamtazama tena Zena. Alikuwa mtu mzima na alijua kuna mambo hayaandikwi. Akaikunja karatasi mara mbili.

"Kama ni wa nyumba yako, basi mimi Zena Amissi simwoni hapa. Nitaandika hakupatikana. Lakini namuuliza mwenyewe, mbele ya watu hawa, mara moja tu. Jina lako nani?"

Rajabali akamgeukia Zena, akasema haraka kwa Kiswahili. "Sema Zena Kanji. Neno moja, mutoto wa ndugu yangu. Kesho namupeleka Amissi kwa daktari, kitanda yake, nyumba yake, yote. Sema tu."

Msomaji, mimi ningesema Kanji. Nawe ungesema Kanji, tena kwa sauti, usijifanye. Neno moja linakutoa jela na kumpa mzee kitanda. Kwa nini binti yule asiseme?

Kwa sababu mzee hakuwa kiziwi. Alikuwa amelala pale, anasikia kila neno. Mlangoni walisimama watu wa Kindu, watu wa Uvira, watu wa foleni ya maji, wote wanamjua kama baba wa Zena, na hakuwa na kitu kingine duniani ambacho watu walimjua nacho. Aliitwa mwizi wa duka miaka ishirini na mitatu, na hakujitetea, maana kujitetea kungekuwa kufichua mtoto ni wa nani.

Zena alichuchumaa, akautia mkono wake chini ya shali. Mkono wa baba yake ulikuwa unangoja. Ukavishika vidole vyake, ukaanza kuvikunja. Kidole cha kwanza. Cha pili. Cha tatu.

Alielewa. Baba yake alikuwa anaifunga biashara. Mzigo umefika kwa mwenyewe, karani amemaliza kazi. Sema Kanji, mwanangu, uende.

Kabla ya kidole cha mwisho, Zena alikichomoa. Akamfungua mzee kiganja kwa nguvu, akaweka gumba lake katikati, akalikandamiza.

*Weka. Usiuze. Mwenyewe atarudi.*

Kisha akasimama, akachukua kile kikombe chenye mdomo kutoka kikapuni, akachota uji wa Annonciata uliopoa, akakitia kikombe mikononi mwa Rajabali Kanji.

"Umulishe weye," alisema. "Taratibu, upande wa kushoto."

Akamgeukia sajenti, na hakuhitaji mkalimani.

"Mimi njo Zena Amissi."

Shirinbai alipiga yowe. Sajenti akatazama chini, kama mtu aliyepewa asichokitaka, akavaa kofia, akamshika Zena mkono. Umati ukawapisha. Mlango wa nyuma wa Land Rover ulifungwa, nao ulikuwa na nondo nne vilevile, Zena alizihesabu.

Gari lilipogeuka kwenye matope, aliona ndani ya kibanda mara moja, kupitia mlango ulioachwa wazi. Rajabali Kanji alikuwa amepiga magoti mbele ya karani wake, mkono mmoja umemwinua kichwa, mwingine umeshika kikombe. Aliona midomo yake ikibembeleza. Aliona kikombe kikisogea, kikagusa mdomo.

Mzee Amissi akafunga meno.